Waume Wanane wa Dada Printa

Ofisi ya ndoa ilikuwa na kompyuta moja na mwanamke mmoja wa kuiendesha. Walimwita Dada Printa, na kwa miaka yote aliyowachapia watu vyeti vya ndoa, chake hakuwahi kukichapa. Ijumaa hiyo zamu yake ilifika. Mchumba wake, fundi seremala, alikuwa ameshaahirisha mara mbili, na Dada Printa roho ilikuwa juu juu: akighairi na leo, basi tena.

Mle kwenye kompyuta mlikuwa na majedwali mawili, la mabwana harusi na la mabibi harusi, wanane kwa wanane. Kazi yake ni kuyaunganisha kwa namba ya ombi, ili kila mtu akae na wake. Leo akili yote ilikuwa kwa mchumba wake, akayaunganisha bila kuieleza mashine nani ni wa nani. Mashine haina haya. Ilimwoza kila bwana kwa kila bibi, vyeti sitini na vinne, na msajili, aliyesahau miwani nyumbani, akavigawa ukumbini kama vilivyo.

Ikawa patashika. Mzee mmoja mwenye mkongojo alivikumbatia vyake vyote. "Serikali ikishaamua, mimi ni nani?" alisema, na bibi harusi wake akampokonya mkongojo. Mama mkwe mmoja alimvuta mwanawe pembeni. "Mwanangu, hebu mtazame huyu wa tatu. Anaonekana ana adabu."

Dada Printa alitoka mbio. "Jamani, kosa langu! Rudisheni, nachapa upya!"

Fundi hakurudisha. Alikaa benchi la nyuma, vyeti vyake mapajani. Haya, kapata kisingizio, Dada Printa aliwaza, machozi yakimlenga.

"Na wewe una waume wanane," Fundi alisema.

"Ni mashine, Fundi."

"Najua. Ila kila nikikuuliza tarehe, jibu lako ni 'ukitaka wewe.' Nikasema huyu hanitaki, ananivumilia tu. Nikawa naahirisha, angalau ukasirike nijue moja."

Ukumbi mzima uliwageukia. Hata mkongojo ulishushwa. Dada Printa hakuzoea kuyasema mambo hayo hata akiwa peke yake.

"Nakutaka wewe," alisema, kwa sauti ile ile anayoitia watu kwenye foleni. "Simtaki huyu mzee, wala yule wa suti. Wewe!"

"Na mimi nimekosa nini?" mzee aliuliza.

Fundi alimkabidhi Dada Printa vyeti saba. "Hivi kachane," alisema. "Hiki kimoja sikitoi."