Ua la Bibi na Mchwa wa Mwamkulu

Majivu yaliyolowa mvua yana harufu yake, chungu kidogo, na kila nikiisikia narudi Mwamkulu, nyuma ya jiko letu, nilipokuwa darasa la nne. Pale mama alipanda ua la bibi, mama yake mzazi. Ni haidrenjia, na lilitoka kwao Ufipa kwenye baridi, ambako lilichanua mashada ya buluu makubwa kama kabichi. Mama aliolewa akashuka huku kwenye joto na mpunga, majirani wakamtania: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alilipokea, kuzoea ndiko kulikomshinda. Bibi alipofariki, mama alirudi kutoka msibani na kijiti kimoja ndani ya kitambaa kilicholowa. “Likichanua buluu hapa,” aliniambia, “na mimi nitakuwa nimefika.”

Kwetu kila mche huwekewa majivu shinani, maana mchwa wa Mwamkulu hawana huruma. Kila asubuhi nilimwaga majivu ya jiko, mama mwenyewe akinihimiza. Mvua zilipokolea likachanua pinki. Mama alisimama na sufuria mkononi, akalia. Msimu uliofuata, pinki tena. Mtawa mmoja wa parokia, aliyekuwa na maua kama hayo, akamweleza kwamba majivu hugeuza udongo, na udongo hugeuza rangi. Siku hiyo hiyo mama akapiga marufuku majivu.

“Mama Nesta, mchwa watalimaliza hilo,” baba akasema.

“Waache wale. Mkataa kwao mtumwa.”

Nilikuwa na hofu, nikawa nalichungulia kila nitokapo shule. Likatoa vichwa vichanga, pembeni vikaanza kupata ubuluu hafifu, na mama akaanza kuimba jikoni, jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Kisha asubuhi moja tukalikuta limelala. Shina lilikuwa limebaki ganda, ndani limejaa udongo wa mchwa. Safari hii mama hakulia, na hilo liliniumiza zaidi.

Leo nakaa Mpanda mjini, na mama ninaye, uzee umeanza kumsahaulisha. Dawa ya mchwa inauzwa dukani, miche ya maua kando ya barabara. Mwaka jana nilimletea haidrenjia ya buluu kwenye kopo. Akaitazama kwa adabu. “Zuri,” akasema. “La nani?” Kule Ufipa hakuna ndugu aliyebaki, na palipokuwa nyumba ya bibi pamelimwa mahindi. Nilishamweleza, nikachoka. Bado ananiuliza, “Nesta, tunaenda lini nyumbani?” Namwambia kesho, naye anaanza kukunja vitenge vyake.