Mathe, tezi za mbuzi, na muhuri wa Kiamaiko

Wakuu, niaje. Wa Jericho, wa Kaloleni, na nyinyi mliohamia ng'ambo mkajifanya mmesahau supu ya miguu, nawasalimu wote.

Juzi kuna mtu humu ndani aliandika kwamba saratani ya matiti husambaa ikiguswa na kisu. Nikasema hapana, hii siwezi kuipita kimya. Nawapa stori ya mathe wangu bila kuongeza chumvi hata punje. Nikimaliza nitamsomea mwenyewe, na akikuta uongo nitakiona cha mtema kuni.

Ilikuwa miaka ya themanini, tunakaa Majengo. Mimi binti mkubwa, ndio kwanza nimepata kazi ya kuchapa barua ofisini. Mama anauza supu ya vichwa vya mbuzi Kiamaiko, pale soko na machinjio ya mbuzi, meza moja na rafiki yake Mama Atieno wa chapati. Hao wawili hawakuachana, na hawakuisha kubishana.

Jumapili moja namsuka mama nywele, akasema tu, kana kwamba anaulizia sukari:

"Zubeda, hebu nishike hapa."

Kwenye titi la kushoto palikuwa na kitu kigumu, kama kunde. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Yeye akaniambia nimalize kusuka kwanza, hawezi kwenda hospitali na nusu kichwa.

Tukaenda. Wakamchoma sindano, wakapima. Dokta, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akasema ni saratani lakini bado ndogo. Ikatwe upesi, na tezi za kwapani zikatwe pia.

Mama akashukuru, akachukua kikapu chake, akarudi sokoni kuuza supu.

Kule sasa! Mama Atieno akashika kiuno.

"Mama Zubeda, usikubali! Kisu ikigusa hiyo kitu, hewa inaingia, inatembea mwili yote. Si unakumbuka yule mama wa kuuza omena? Alikatwa, akaisha."

Soko zima likaitikia. Mama akaapa kisu hakimgusi. Nililia, nikabembeleza, nikanuna, wapi! Na usiku namwona anajigusa kifua akidhani nimelala.

Ngoja niingize darasa kidogo, maana binti yangu anasomea haya mambo na hutuchosha nayo mezani. Anasema seli za mwili zimeshikana kama kwa gundi. Za saratani hupoteza ile gundi. Zinaachana na wenzao, zinatoa kemikali za kuyeyusha ukuta uliozizuia, zinapenya kwenye mishipa na kusafiri. Nyingi hufia njiani. Sugu ndizo hupata makao, kwenye mifupa, mapafu au ini. Mara nyingi kituo cha kwanza ni tezi za kwapani.

Safari hiyo zinaianza zenyewe. Hazingoji kisu wala hewa. Yule mama wa omena, Mungu amrehemu, alikwenda kukatwa seli zimeshaondoka zamani.

Basi nikamburuta mama kwa dokta mara ya mwisho. Dokta akaeleza akachoka, mama anaangalia dirisha. Mwisho dokta akasema tezi wanazitoa wazipasue, waone kama ugonjwa umefika huko.

Mama akageuka. "Tezi? Kama hizi za mbuzi?"

"Hizo hizo, mama."

"Inspekta wetu wa nyama huzipasua kila asubuhi. Zikiwa safi, mbuzi anapigwa muhuri. Akiona kitu, anazidi kutafuta ndani."

"Na huo ugonjwa," dokta akauliza, "ni kisu cha inspekta kinauleta?"

"Wee dokta! Mbuzi kaja nao kutoka kwao. Kisu kinaukuta tu."

Nikamwona anajishika kwapani, taratibu.

"Haya," akasema. "Nipasueni nijue umefika wapi."

Akakatwa. Kungojea majibu, wakuu, sitaki kukumbuka, hata chai ilinishinda. Siku aliyokuja dokta kitandani alikuwa anatabasamu. Tezi zote safi.

Nikaangua kilio. Mathe, hata chozi hana, anauliza, "Na muhuri?"

Wodi nzima ilicheka. Nesi akachukua ule muhuri wa mpira wa mezani kwake, akampiga pa! mkononi, wino wa zambarau. Dokta akamwonya kwamba huo si muhuri wa milele, lazima arudi kupimwa. Na alirudi miaka yote, hakukosa.

Majengo walikuja kuuona muhuri kama wanaokuja kumwona mtoto mchanga. Mama anatandaza mkono, anahadithia, anaongeza chumvi zake.

Mama Atieno alikuja wa mwisho, wageni wameshaondoka. Akaushika ule mkono, akawa anaupitishia kidole gumba juu ya wino. Mkono wake wa pili umekumbatia kifua.

Mama akamtazama. Akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Lako liko upande gani?"

Mama Atieno akalia. Alikuwa na donge titini hata kabla ya mama kupata lake. Zile kelele zote za sokoni, kumbe mwenzetu alikuwa anaiogopea nafsi yake.

Asubuhi walikwenda pamoja, chapati siku hiyo hazikupikwa. Madokta wakampima, wakampima tena. Uvimbe wa kawaida tu, si saratani. Alipotoka alitushangaza na neno la kwanza:

"Na mimi muhuri yangu iko wapi?"

Nilichojifunza, wakuu: anayepiga kelele kukuzuia, muulize yeye anaogopa nini. Na uvimbe hauna adabu ya kukungoja umalize hofu. Ukiushika leo, nenda leo, nywele utamaliza kusuka baadaye.

Wenye ya kwenu kama haya leteni hapa chini, na anayebisha abishe kwa heshima, kuna wazee humu.

Nyongeza: nimeshamsomea mathe. Anasema haikuwa kunde, ilikuwa choroko. Mama Atieno yuko hapa pembeni na kikombe chake cha chai, anasema yeye hakulia.

Alilia, wakuu.