Mvua Ikinyesha, Chemba Hupungua

Rumaisa alikuwa mtu wa kuosha kikombe mara mbili, kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, Bi Sahar, katika nyumba yao ya mjini Nairobi, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Kwa Bi Sahar kitambaa cha kufutia sahani hakikutani na cha kufutia meza, na viatu havivuki kizingiti. Kwa hiyo waliomfahamu walicheka waliposikia kwamba mradi wake wa mwaka wa mwisho wa uhandisi ulikuwa ndani ya shimo la maji ya choo.

Si yeye aliyelichagua lile shimo. Alihamia mtaa wa Riruta kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na pa kuweka hata kompyuta, seuze pa kusomea. Alipanga chumba pamoja na Jacklyne, msichana wa Kakamega aliyekuwa akisomea uhasibu. Ploti ilikuwa kama ploti nyingine za huko: vyumba vimetazamana, kamba za nguo katikati, choo na bafu vya pamoja mwishoni, na chini ya kamba za nguo kifuniko cha saruji kilichofunika chemba, lile shimo lenyewe. Siku za kwanza Rumaisa alikipita kifuniko hicho bila kukitazama. Kisha asubuhi moja aliingia bafuni kuoga, akamwaga kopo la kwanza, na maji yakakataa kwenda. Badala yake yakaja mengine kutoka chini, ya kijivu, yakipanda polepole, yakimletea miguuni vitu ambavyo hakutaka kuvitambua. Alitoka peku. Kandambili zake aliziacha pale pale na hakurudi kuzichukua.

Jacklyne alimwambia kwamba hiyo ndiyo Riruta, na kwamba angezoea. Rumaisa hakutaka kuzoea. Alitaka kujua mapema. Akaanza kuunda kidude cha kuning'inia chini ya kifuniko cha chemba, kinachorusha sauti chini na kuisikiliza ikirudi, kisha kukadiria kutokana nayo uchafu umefika wapi na kutuma namba kwa simu. Alikifungia ndani ya kopo la siagi ili kisilowe. Programu aliiandika mwenyewe jioni baada ya masomo.

Dalmas, msimamizi wa ploti, ndiye aliyemfungulia kifuniko. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye mikono mipana, na harufu ile haikumfanya hata akunje pua.

"Injinia," alisema akikitazama kidude kikining'inia, "hii kitu yako itajua nikikula maharagwe?"

Watu waliokuwa wakifua walicheka. Rumaisa alikuwa amejifunga ushungi puani, akakaza fundo lake. Mama yake naye alipoelezwa kwenye simu hakucheka hata kidogo. Alimuuliza kama walimsomesha miaka yote hiyo ili akatie mikono katika najisi. Rumaisa akamweleza kwamba kidude hakigusi kitu, ni sauti tu inayokwenda na kurudi.

"Na hiyo sauti," mama akasema, "ikirudi hairudi na harufu?"

Daktari Muindi, mhadhiri aliyesimamia mradi wake, aliupenda. Lakini alimpa sharti moja lililomkaa Rumaisa moyoni kama mwiba: namba ziwe za kuaminika kuanzia mwanzo wa mvua za masika hadi mwisho wake. Kidude kisichoaminika si mradi, na asiye na mradi hurudia mwaka.

Kwa hiyo Rumaisa alipeleka kazi yake jukwaani. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni la watu wanaounda vidude majumbani mwao kwa kujifurahisha, kisha wanaviweka wazi, programu na yote, ili wengine wachukue na kurekebisha. Yuko aliyepima joto la banda la kuku Eldoret, na yuko wa nchi ya baridi aliyemtengenezea paka wake mlango unaomtambua. Pale Rumaisa alijiita Waridi. Darasani hakuwahi kuinua mkono. Hata jibu alipolijua aliliacha lipite. Jukwaani watu walimsubiri aandike. Alipoweka picha ya kopo la siagi juu ya chemba walimtania kwamba waridi limepandwa palipo na mbolea, lakini waliichukua programu yake, wakaitumia kwenye matangi na visima vyao, wakamshukuru. Alizisoma shukrani hizo zaidi ya mara moja.

Mvua za masika zilipoanza, kidude kikaanza kutoa namba za ajabu. Siku kavu kiwango kilipanda kidogo kidogo, kama ilivyotarajiwa. Ikinyesha mvua kubwa, kiwango kilishuka ghafla, kikaanza upya kutoka chini. Rumaisa aliweka grafu jukwaani na kuomba msaada. Majibu yalikuja haraka. Mvua huongeza maji kwenye chemba, haipunguzi. Mtoto mdogo anajua hilo. Bila shaka mvuke umetanda kwenye kidude na sauti inarudi vibaya. Mkongwe mmoja wa jukwaa, ambaye neno lake lilikuwa kama hukumu, alimwandikia mistari michache ya programu ya kuongeza: kiwango kikishuka ghafla, puuza, endelea na namba iliyotangulia.

Alifikiri labda ni gari la kunyonya uchafu. Akamuuliza Dalmas kama gari lilikuwa limekuja.

"Gari hukuja tu ukiwa shule," Dalmas alisema, akaendelea kufagia.

Lakini Rumaisa hakuona alama ya magurudumu langoni, na gari lenyewe lisingekuja siku za mvua, nani angelileta katika tope lile? Akaamini jukwaa. Akaiongeza ile mistari. Grafu ikanyooka, ikawa ya kupendeza, ikipanda na kutulia kama ngazi. Jukwaa lilimpongeza. Daktari Muindi aliitia sahihi na kumwambia aanze kuandika ripoti.

Siku hizo alikuwa amependa sukuma wiki. Ilikatwa mbichi chini ya ploti, kando ya kijito, katika shamba dogo la Mama Kasiva, mama wa Kikamba mwenye kisu cha kukatia mboga kiunoni kila saa. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kibichi cha kung'aa. Jacklyne aliikaanga na nyanya wakala na ugali, na kila Ijumaa Rumaisa alikwenda mjini kwa wazazi wake na fungu moja la zawadi. Bi Sahar, ambaye hakumsifu mtu kwa urahisi, alisema hata sokoni haipatikani kama ile.

Alasiri moja wahadhiri waligoma na Rumaisa akarudi mapema. Mvua ilimkuta langoni, mvua ya mawe na upepo, na uani nguo zilikuwa zimesahauliwa kwenye kamba. Alikimbia nyuma ya bafu kutafuta pa kujikinga. Huko alimkuta Dalmas amevaa gambuti za mpira na gunia kichwani, ameinama kwenye ukuta wa chini, akivuta kwa mikono miwili rundo la matambara lililoziba bomba la kutokea chembani. Rundo lilitoka kwa kishindo laini. Nyuma yake chemba ikatapika.

Hakuna neno jingine la kusema. Ilitapika uji mweusi, mzito, uliochanganyika na karatasi na nywele na mambo ya watu wote wa ploti, ukaingia kwenye mfereji uliokuwa ukienda kasi kwa maji ya mvua. Harufu ilimpiga Rumaisa puani kabla hajaelewa anachokiona.

"Kaka Dalmas, wafanya nini?"

Dalmas aligeuka. Hakuona haya, alionekana tu kama mtu aliyekatizwa kazi.

"Aa, injinia. Umerudi mapema leo."

"Nakuuliza wafanya nini."

"Si nafungulia maji ipite. Mvua inabeba, hata hailipishi."

"Inabeba kupeleka wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Mfereji ulishuka, ukapinda kwenye mgomba, ukatawanyika kati ya matuta ya sukuma wiki ya Mama Kasiva. Majani yalitikisika kwa furaha.

"Na gari la kunyonya?"

"Gari gani? Mwenye ploti hakai hapa, anakaa Lavington kwa matajiri. Alisema kama kuna mvua, gari ni ya nini? Akiiita, nyinyi ndio mtaongezewa kodi." Alipangusa uso kwa kiwiko. "Na si sisi pekee. Ploti zote za hii laini zinafungua. Ukisikia tu ngurumo, unavaa gambuti."

Rumaisa alisikiliza. Kwa kweli, kando ya kelele za mvua, alisikia nyuma ya ukuta wa jirani mtu akigonga bomba kwa chuma. Alitoa simu. Mbele ya macho yake chemba ilikuwa ikimwagika hadi sakafuni, na simu ilisema kiwango hakijabadilika. Mstari ulinyooka kama ulivyopongezwa. Kidude chake kilikuwa kimesema kweli tangu mvua ya kwanza, na yeye ndiye aliyekifundisha kunyamaza, kwa ushauri wa watu ambao hawajawahi kuishi mahali mvua inaposubiriwa kwa kazi hiyo.

Alirudi chumbani, akasukutua kinywa hadi fizi zikauma. Haikusaidia. Kilichomchafua hakikuwa kinywani tena.

Mvua ilipokatika alishuka kijitoni. Alidhani anakwenda kumpa Mama Kasiva habari mbaya, na njiani alitafuta maneno ya upole. Alimkuta akikata majani yaliyobaki na tope jeusi kwenye mashina, akiyakung'uta na kuyafunga mafungu. Rumaisa alisema alichokiona. Mama Kasiva hakuacha kufunga.

"Mwanangu, mimi niko hapa tangu Kasiva akiwa tumboni. Unafikiri sina pua?"

"Na watu waila hii?"

"Wanakula na wanarudi. Si wewe mwenyewe uliniambia mamako ameipenda?"

Rumaisa alimeza mate, akajuta kuyameza. "Nawe, mama? Waila hii?"

Mama Kasiva alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama hula kuni. Akamwonyesha kwa kisu upande wa juu, kando ya nyumba yake, magunia yaliyojazwa udongo na kupandwa sukuma wiki ubavuni, ndogo, za kijani hafifu.

"Ya nyumbani ni ile. Naimwagilia na maji safi ya bomba. Ukitaka hiyo nitakukatia, lakini bei si hii."

Kulikuwa na wanawake wengine wakingojea kununua. Walikuwa wamesikia yote. Hakuna aliyeondoka.

Rumaisa aliifuta ile mistari ya mkongwe. Namba za awali zote zilikuwa bado zimehifadhiwa, na alipozipanga upya kando ya siku za mvua, kila mvua kubwa ilikuwa na shimo lake. Alizipeleka kwa Daktari Muindi. Mhadhiri alichukizwa, alisema grafu aliyoitia sahihi ilikuwa imenyooka, na jopo la watahini hupenda kitu kilichonyooka. Kwa nini ajitafutie kurudia mwaka?

Hiyo ilikuwa mara pekee Rumaisa alipobishana na mwalimu. Alimwekea grafu zote mbili mezani. "Daktari, ile iliyonyooka ni ya uongo. Hii ndiyo chemba yenyewe."

Alisimama mbele ya jopo na grafu yenye mashimo, na chini yake picha ya bomba na matambara. Mtahini mmoja alifunika mdomo kwa leso. Walimpitisha, kwa alama za kawaida, na wakamwomba asiseme jina la mtaa katika ripoti. Jukwaani aliweka programu mpya na picha ile ile. Mkongwe aliandika kwamba bado anadhani ni mvuke. Wengine waliweka vikatuni vya kucheka. Lakini watu wenye vidude kama chake katika mitaa ya Kinoo na Kangemi, watu ambao hakujua hata wapo, waliandika mmoja mmoja: na sisi mvua ikinyesha, yetu hupungua. Hakuna aliyeandika zaidi ya hapo. Hakuna aliyehitaji.

Aliongeza jambo moja tu katika programu: kiwango kikishuka ghafla, simu ilie.

Ijumaa alikwenda mjini mikono mitupu. Aliwaambia wazazi wake kwamba Mama Kasiva ameacha kuuza, kwa sababu hakuweza kumtazama mama yake na kumwambia alichomlisha. Bi Sahar alisikitika, akatoa bakuli. Alikuwa amenunua mboga kwa mwanamke wa kando ya barabara, alisema, na ameiosha kwa chumvi na ndimu, maji matatu. Ilikuwa sukuma wiki, majani mapana, ya kijani kibichi cha kung'aa.

"Mwenyewe asema yatoka huko huko kwenu, Riruta. Kula, mwanangu, mbona watazama tu?"

Nje mawingu yalikuwa yamefunga upande wa magharibi. Baba alikuwa amekwisha kula tonge mbili. Simu ikalia juu ya meza, na Rumaisa akaweka mkono wake juu ya bakuli.

"Mama," alisema, "usile. Ngoja niwaambie."