Vigae Sita Kutoka kwenye Tivii

Nilikuwa na miaka minane ilipogundulika kwamba jicho langu la kulia lilikuwa karibu halioni kitu. Kwa miezi kadhaa, lawama ya jicho hilo aliibeba jirani yetu, mlinzi kutoka Uganda, ambaye kosa lake lilikuwa kulala mchana.

Acha nirudi nyuma kidogo, maana hata mimi niliyekuwepo bado mambo haya hayajanikaa sawa. Juzi nilishuka metro pale mtaa wa Karama, huku Uarabuni, kununua viatu, nikapita chini ya jengo letu la zamani. Kwenye dirisha letu zilianikwa nguo za watu wengine. Nilisimama pale na mfuko wangu mkononi, nikajikuta nahesabu vigae vya barazani.

Kama umewahi kuishi nyumba ya kugawana, unajua ilivyokuwa. Sebule ilikuwa imekatwa katikati kwa ubao mwembamba. Upande mmoja tulikaa sisi: Baba, Mama, mdogo wangu wa kiume na mimi, tuliotoka Mombasa. Upande wa pili alikaa mlinzi. Jiko na choo vilikuwa vya wote. Asubuhi jikoni kulinuka mahamri ya Mama, na alasiri mchuzi wa karanga wa jirani, nasi tuliupenda kuliko chakula chetu, ingawa hatukuthubutu kusema.

Mlinzi alitoka zamu wakati sisi tunavaa sare za shule. Tuliporudi, yeye alikuwa bado amelala nyuma ya ubao. Siku moja alimwambia Mama, kwa upole, "Dada, nisaidie kidogo na hiyo sauti ya tivii. Mimi nikisinzia kazini, khalas, wananirudisha nyumbani." Mama alimhurumia. Kuanzia siku hiyo, sauti ilikuwa mwisho namba nne.

Namba nne ilimezwa na mlio wa eisii iliyopoza chumba. Ili kusikia katuni zetu ilibidi tusogee, na tuliposogea Mama alikuja juu. Alikuwa amesikia mahali kwamba tivii hula macho ya watoto. Akahesabu vigae sita kutoka kwenye kioo, akabandika sakafuni utepe wa kufungia maboksi ambao Baba alileta kutoka ghalani alikofanya kazi. "Yalla, nyuma ya mstari," alisema kila alipopita na kikapu cha nguo. Nyuma ya mstari palikuwa na kitanda cha Baba na Mama, na huko juu ya kitanda tuliona midomo ya katuni ikifunguka na kufungika tu.

Basi tukawa na sheria mbili zisizokaa chumba kimoja: keti mbali, na usiongeze sauti. Hakuna mtu mzima aliyeonekana kuliona tatizo. Mama akienda jikoni tulitambaa mpaka karibu na kioo, tukirudi mbio kila tuliposikia ndala zake. Mdogo wangu alinicheka kwa sababu nilisogea kumpita hata yeye. "Wataka kuingia ndani ukae nao?" aliniuliza. "Hawana nafasi, nao pia wamegawana chumba."

Kisha muuguzi wa shule akatupima macho. Alinifunika jicho la kushoto kwa kijiko cheusi, akaniambia nisome herufi. Nikamuuliza herufi zipi. Alidhani namfanyia mzaha.

Jioni ile Mama alisimama jikoni na barua ya shule, hajavua hata buibui. "Ni tivii hii," alisema, bila kumwambia mtu maalumu. "Watoto wanabandika pua kwenye kioo kwa sababu hawasikii." Jirani alikuwa palepale, anasubiri maji ya chai yachemke.

"Kwa hiyo ni mimi, dada?"

Mama alikunja barua.

Kesho yake mlinzi aligonga ubao tuliporudi shule. "Wekeni sauti mnavyotaka," alisema. "Mimi nitalala tu." Tulipandisha mpaka kumi na tano, tukakaa nyuma ya mstari kama watoto wa kuigwa. Ilipofika adhana ya alasiri alitoka chumbani ana pamba masikioni na macho mekundu, akaniuliza, "Leo unaonaje?" Nilimjibu, "Vizuri." Sikujua kama aliniuliza habari za jicho au za katuni.

Daktari tulimwona baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia, na nilisikia kila neno. Alimwambia Mama kwamba tivii haikuhusika. Jicho lile lilikuwa dhaifu tangu nikiwa mchanga, likamwachia mwenzake kazi yote. Mama aliuliza mbona basi nilisogea hivyo. Daktari akasema pengine nilisogea ili nione, pengine ili nisikie, hilo hawezi kulijua. Nilipewa kiraka cha kuziba jicho la kushoto, lile zima, ili la kulia lilazimike kufanya kazi. Mdogo wangu, aliyekaa karibu na kioo siku zote zile, macho yake ni mazima mpaka leo.

Tulirudi nyumbani, Mama akakata vitunguu. Jirani alikuwa jikoni. Waliongea habari za joto.

Miezi michache baadaye mlinzi alipata kazi kwenye hoteli moja huko Hatta, milimani, mbali na mji. Aliburuta sanduku lake mpaka mlangoni, akainama mbele yangu, akagusa kiraka kwa kidole kimoja. "Pole sana na jicho, mtoto wangu," alisema. "Mungu atanisamehe." Nilikuwa najua alichosema daktari. Nilikuwa na mdomo. Nilisema, "Asante, anko," naye akaenda kuita lifti.

Jengo lile sasa limepakwa rangi mpya, na siku hizi watoto wana skrini zao za mkononi, kila mmoja na spika zake masikioni. Hakuna anayehitaji kumnyamazia aliyelala.

Nilipofika nyumbani na viatu vyangu nilimpigia Mama simu Mombasa, nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule mlinzi.

"Nilimwambia," alisema. "Jioni ileile tuliyotoka kwa daktari, jikoni. Nawe ulikuwepo."

Nilikuwepo, na nilichosikia mimi ni habari za joto tu. Namba ya simu ya kumuuliza mlinzi mwenyewe hatuna, wala Baba hana.