Gauni Ukutani kwa Mama Pini

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pini kwa sababu mdomo wake haukosi pini. Anazibana kwenye midomo akipima, akipinda, akigombana na mteja aliyenenepa na hataki kukubali, na katikati ya yote hayo anaongea. Mgeni haelewi kitu. Sisi tuliozoea tunaelewa kila neno, hata matusi.

Mimi ni mke wa kaka yake, kwa hiyo nina haki ya kumtania na sina sababu ya kumpamba. Basi mnisikie vizuri ninaposema kwamba sijaona mwanamke mwenye moyo kama wake.

Alipofiwa na mumewe alikwenda kupima, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Akaanza dawa na hajawahi kuziacha. Tuliojua tulikuwa mimi na kaka yake tu. Afya ikamrudia, na mdomo nao ukarudi. Akawa anakwenda saluni, kijiweni kwa madereva wa pikipiki, kwenye foleni ya zahanati, akiwahimiza watu wapime, wasiache dawa, wasidanganywe na wauza maji ya miujiza. Ila siku zote alisema "wenye virusi", kana kwamba anasimulia habari za mtaa wa pili. Aliogopa kupoteza wateja. Nilimwelewa, maana cherehani ile ndiyo iliyosomesha wanawe.

Siku moja kituo cha televisheni kikatafuta mtu anayeishi na virusi, aeleze maisha yake kwenye kipindi cha afya. Wifi akakubali kwa sharti moja, asijulikane. Vijana wa kamera wakaja kwenye chumba chake cha kushonea, wakafunga mlango, wakaapa kwamba sura itafunikwa na sauti itabadilishwa. Na kweli walitimiza. Kipindi kiliporushwa tulikaa sebuleni kwangu, tukamwona mtu asiye na uso akiongea kwa sauti ya mzee mwenye mafua. Wifi alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa natazama ukuta wa nyuma yake. Pale lilining'inia gauni la harusi la binti wa jirani. Lilikuwa la rangi ya machungwa, mgongo wazi, na mkono mmoja tu, mpana kama mwavuli, kwa kuwa wa pili ulikuwa bado. Bibi harusi alilibuni mwenyewe, na mchoro wake aliutembeza nyumba kwa nyumba mpaka watoto wakaujua. Sote tulihangaika na uso, hakuna aliyewaza gauni.

"Wifi," nikamwambia, "hebu angalia nyuma yako hapo."

Akaangalia. Kicheko kikamwisha. Simu yake ikaanza kuita.

Kesho yake wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja kabadili mawazo, mwingine kakumbuka kwamba ana binamu fundi. Mama wa bibi harusi alikuja mwisho, akalitaka gauni na mkono wake mmoja hivyo hivyo.

"Si kwa ubaya, jirani," alisema akiangalia sakafu. "Ni hizo pini. Zinatoka mdomoni mwako, zinaingia kwenye nguo ya mwanangu."

Wifi akazitema kiganjani, akalikunja gauni vizuri, akampa. Mimi nilitamani kumrukia yule mama. Baada ya hapo Wifi alijishonea kimto cha kuchomekea pini, akawa anatutilia viraka sisi wa nyumbani, mdomo mtupu, kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno yote ya mtaani.

Halafu akawapigia watu wa televisheni. Alitaka kurudi, na safari hii asifunikwe.

"Una wazimu?" nikamuuliza. "Subiri watu wasahau."

"Wifi, siri yangu imeshatoka nje nusu uchi. Acha niivalishe mwenyewe."

Siku ya kurushwa alitoa televisheni yake nje, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaongeza sauti. Umbea ni umbea, watu wakajaa. Wakamwona kwenye kioo, uso wazi, akisema "mimi". Kila yalipoingia matangazo ya biashara alipunguza sauti na kuwageukia. "Haya, ulizeni."

"Na pini?" akauliza dereva mmoja wa pikipiki.

"Mate hayaambukizi. Sahani, nguo, kushikana mikono, hakuna neno. Na mimi nameza dawa zangu kila siku, virusi vimelala hata kipimo hakivioni. Wewe umepima lini?"

Watu wakacheka. Dereva ghafla akawa na kazi kubwa na kofia yake.

Ndipo bibi harusi akapenya katikati ya watu na mfuko mkononi, mama yake nyuma, uso chini. Akalivaa gauni juu ya suruali, akapanda kigoda.

"Mama Pini, siwezi kuolewa na mkono mmoja."

Wifi akachukua kimto, akachomoa pini kiganjani. Huku kimto, huku kitambaa, mara pini zikamwagika chini. Hakuna aliyesogea. Mama wa bibi harusi ndiye aliyepiga magoti, akaziokota, akazifuta kwa upindo wa nguo yake na kuzisogeza.

"Ziweke pale pale ulipozoea, jirani," akasema. "Nilikukosea."

Wifi akazipokea, akazibana mdomoni, akaanza kuongea. Watu waliulizana anasema nini. Mimi nilielewa kila neno. Alikuwa anamwambia bibi harusi asimame wima na aache kulia, la sivyo mkono utakaa upande.