Msusi Agombea Udiwani

Katika uchaguzi uliopita, msusi alishinda udiwani wiki kadhaa kabla ya siku ya kura. Ushindi ulipatikana kibandani kwake, kando ya ukuta wa soko, ambako kila mteja aliyekaa mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, aliapa kwamba kura yake haina mwenyewe mwingine. Baadhi waliapa mara mbili, hasa kitana kilipofika kisogoni.

Masanduku yalipofunguliwa, kiti kilirudi kwa Mheshimiwa Kesho, diwani aliyepewa jina hilo kwa namna alivyoahidi kutatua kila shida ya kata siku inayofuata. Msusi alipata kura za kutosha kuthibitisha kwamba ana ndugu, ingawa si wote. Kwa muda alisuka kwa hasira, na wateja wake wakatembea mjini nyusi zimepanda juu kama watu waliopata habari za kushangaza.

Aliyemtoa gizani ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye walishirikiana naye kibanda na kutofautiana kwa mengine yote.

"Wifi, mtu ukishamshika utosi," alimwambia, "atakuahidi hata mumewe."

Msusi alinuna siku mbili tatu, kisha akakiri moyoni kwamba angalau mara hii wifi alikuwa amesema la maana.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, zikaja habari kwamba baraza la jiji linataka kuvunja safu nzima ya vibanda ili pawe maegesho ya magari. Uamuzi ungefanywa na baraza jipya. Mheshimiwa Kesho aliunga mkono, na hili ndilo jambo pekee alilotaka lifanyike leo. Msusi akachukua fomu tena. Asipopata kiti, hatakuwa na kibanda. Hesabu yake ilikuwa fupi hivyo.

Safari hii alipiga marufuku siasa mkekani. Mteja akianza kumwapia, alimuuliza kama anataka rasta nyembamba au nene. Kura aliziomba asubuhi kabla ya kufungua, mlango kwa mlango, watu wakiwa wamesimama kwao na shingo zao ziko huru. Wakamkatalia vizuri sana. Fundi viatu alimweleza kwamba madiwani wote ni wale wale. Mwalimu mstaafu alisema maegesho yatamfaa mwanawe, ambaye alikuwa bado hajapata gari. Msusi aliwashukuru wote na kwenda mlango uliofuata. Wifi, aliyekuwa akimsindikiza, alilalamika kwamba wanazunguka kuokota matusi. Msusi akamjibu kuwa haya angalau ni ya kweli.

Kwa muuguzi wa zahanati, mteja wake wa miaka mingi, ndipo alipoambiwa lile ambalo mkekani hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Dada, nisikudanganye," muuguzi alisema, akiegemea mlango wake. "Mara ile sikukupa. Wengi hatukukupa. Ungeenda huko kwa waheshimiwa, nani angetusuka?"

"Kumbe mlinipenda sana."

"Tulipenda vichwa vyetu."

Msusi alimeza mate, na fahari yake ikashuka nayo.

"Basi nisikilize. Baraza halikai kila siku. Siku lisipokaa, mimi niko kibandani. Lakini wakivunja, utasukiwa juu ya boneti ya gari la nani?"

Muuguzi alicheka, akasema atafikiri, na hakuahidi chochote. Msusi aliondoka amefurahi kuliko siku zote za kampeni zile za kwanza.

Maneno hayo aliyabeba kila mlango uliobaki. Kwenye mabango, wagombea wengine walikunja ngumi na kutazama mbali, mahali ambapo inaonekana maendeleo hukaa. Yeye alipigwa picha akiwa na kitana mkononi. Alishinda kwa tofauti ambayo wapinzani waliiita ndogo na wifi yake akaiita tosha.

Madiwani walipokutana, kwanza walimchagua meya, wakampigia makofi, wakapiga picha. Hoja ya maegesho ilifuata. Meya mpya aliisoma haraka, akauliza kama kuna anayepinga, kwa sauti ya mtu ambaye tayari amekwishageuza ukurasa.

Msusi alikuwa amesimama.