Mgongo wa Rafiki Yangu Ukutani

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga picha za migongo. Nikitoka kazini Thornton Heath, kusini mwa London, ninakotunza wazee majumbani mwao, natia kamera kwenye mfuko wa sokoni na kwenda kusimama nje ya ubalozi huu au ule, kila wanapotangaza kwetu Afrika Mashariki sheria nyingine ya kutubana. Tunaokwenda ni wale wale: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake kama mimi tunaopenda wanawake, na wengine wasiojiona kuwa mwanamume wala mwanamke. Wenyewe tunajiita makuchu. Tunaimba, tunanyeshewa, tunarudi makwetu. Wengi hawataki sura zao zionekane kwa sababu wana ndugu nyumbani. Basi napiga visogo, mikono, viatu vilivyolowa.

Niliyempiga picha mara nyingi zaidi ni rafiki yangu, nesi anayeishi Wembley. Siku zote aligeuka kabla sijainua kamera. "Mama asijue tu, dada," alikuwa akiniambia. "Mengine yote nitayavumilia."

Mwaka jana tulipata ukumbi Tottenham wa kuonyesha picha hizo. Kila Jumapili ghorofa ya juu ya jengo lile hutumiwa na kanisa linaloendesha ibada kwa Kiswahili. Hilo tulilijua, lakini hapakuwa na mahali pengine palipotukubali.

Jumapili ya kwanza nilikaa mlangoni miguu imenivimba, nimetoka zamu ya usiku. Ibada ilipokwisha waumini wakashuka ngazi. Wengi walipita haraka, macho chini. Mama mmoja mwenye kilemba na sweta lililomzidi ukubwa akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nilidhani anatafuta choo. Akapita picha moja baada ya nyingine, akasimama mbele ya ile ya rafiki yangu: mwanamke katika mvua, bega la kushoto limeshuka, bango ameliinua juu ya kichwa.

"Huyu ni mwanangu," akasema.

Nilijua rafiki yangu ana mgeni, mama yake kutoka Muheza. Sikujua kwamba siku ile, yeye akiwa zamu, jirani alikuwa amemchukua mgeni huyo kwenda kusali Tottenham.

"Mama, watu hufanana sana kwa nyuma."

"Nimembeba, nimemwogesha, nimemsuka. Bega hilo aliliangukia kwenye ngazi za shule, nikamkanda mimi. Sikuulizi. Nakwambia." Akaonyesha bango. "Hapo pameandikwa nini?"

Nikamsomea kwa Kiswahili: "Kupenda kwetu si jinai."

Alisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Kisha akanigeukia. "Na wewe ni mmoja wao?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yako anajua?"

"Alijua. Hakusema nami tena mpaka alipofariki."

Hakunipa pole. Alivuta kiti, akakaa kando yangu. Tulikaa hivyo mpaka yule jirani alipomwita kutoka nje.

Nilimpigia simu rafiki yangu. Sikutaka afungue mlango wa nyumba yake bila kujua kinachomsubiri. Nilimweleza yote. Nikasikia mashine za wodini zikilia nyuma yake.

"Amesema nini?"

"Amesema wewe ni mwanawe."

Akakata simu.

Mambo yaliyofuata alinisimulia baadaye, tukiwa ndani ya basi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mama yake alilia, akafunga mlango wa chumba, akaomba arudishwe nyumbani kabla siku zake za ugeni hazijaisha. "Hakunitukana," aliniambia. "Afadhali angenitukana." Siku hizi mama humpigia simu, humuuliza afya, humwambia nani kafa na nani kajenga. Jambo lenyewe hawaligusi.

Juzi juzi tulirudi tena kusimama kwenye baridi. Rafiki yangu alikuja na sare ya kazi chini ya koti. Nikainua kamera, nikasubiri ageuke. Hakugeuka.

"Piga tu, dada. Nimechoka kugeuka."

Nikapiga. Sura yake haikuwa na ule ushujaa ambao watu huutafuta kwenye picha za maandamano. Macho mekundu, midomo mikavu, mwanamke aliyetoka kazini. Nadhani ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, lakini sijaionyesha popote. Ameniomba nisubiri mdogo wake aolewe kwanza, nami nimekubali.

Polisi walipotuambia muda wetu umekwisha, tulikunja mabango, tukatafuta mgahawa wenye joto. Nikaagiza chai. Ilipoletwa, alikuwa ameshalala palepale kitini, kichwa kimeegemea dirisha. Nikamwacha alale.